Injini ya Ferrari Iliyotoka Kwenye Sevisi Kubwa: Kutoka Dalili Hadi Chanzo

Sevisi kubwa ya gari la michezo lenye injini katikati ni kazi ya kufungua vitu vingi ili kubadili vichache. Kwenye Ferrari F355, iliyotengenezwa kuanzia 1994 hadi 1999, mikanda ya taimingi, inayofanya valvu (milango ya hewa na moshi ya silinda) zifunguke kwa wakati unaolingana na pistoni, imekaa upande wa mbele wa injini, ikitazamana na ukuta ulio nyuma ya viti, na nafasi iliyobaki hapo haitoshi kufanyia kazi. Kwa sababu hiyo injini, giaboksi na fremu inayovibeba hushushwa vyote kwa pamoja, bodi ikabaki juu ya lifti. Gari lililofuata, 360 Modena, lilipewa kifuniko nyuma ya viti ili mikanda ifikiwe bila kushusha injini, na F430 ya mwaka 2004 ikaachana kabisa na mikanda na kutumia cheni. Mwenye F355 hana njia hiyo ya mkato. Kila mikanda inapotimiza umri wake, ambao kwa desturi huhesabiwa kuwa miaka 3 hadi 5 hata kama gari limetembea kidogo, hozi za maji, mabomba ya oili, mabomba ya petroli, nyaya za athi na viunganishi vya umeme kwa makumi hufunguliwa na kurudishwa tena.

Mwongozo huu unasimama juu ya jambo hilo. Gari lililoingia likiwa zima na kutoka likiwa na kasoro, mara nyingi limeipata kasoro hiyo mahali palipoguswa. Kabla ya kuishuku kompyuta ya injini, na kabla ya kuagiza kifaa chochote cha bei kubwa, chukua orodha ya kazi iliyofanywa na ujiulize ni kitu gani kilifunguliwa karibu na pale dalili inapoonekana. Zipo kasoro chache zilizokuwemo kabla ya sevisi na zilizojionyesha baadaye tu, nazo nitazifikia mwishoni.

Kabla ya kupiga stata

Dalili ya hatari kuliko zote hupatikana injini ikiwa bado kimya. Baada ya mikanda kufungwa, toa plagi zote, kisha zungusha kranki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) kwa mkono, kwa spana ndefu, taratibu, kwa mwelekeo wake wa kawaida, mizunguko 2 kamili au zaidi. Kuzungusha kinyume hulegeza upande wa mkanda unaopaswa kuwa umekaza, na mkanda unaweza kuruka jino. Ukikutana na ukinzani, usilazimishe. Ukinzani wa kompresheni hauwezi kuwapo kama plagi zimetolewa. Na hata zikiwepo, huo ni ukinzani laini, unaosukuma spana irudi kama springi na kupungua wenyewe ukisubiri kidogo. Pistoni inapogusa valvu, spana husimama ghafla kama iliyofika ukutani, na ukisubiri hakibadiliki kitu. Mkono uliowahi kuuhisi mguso huo hausahau. Injini hizi ni za aina ambayo njia ya pistoni na njia ya valvu hukutana taimingi ikipotea, kwa hiyo nguvu ndogo ya ziada kwenye spana inatosha kukunja shina la valvu, na stata ingekunja kadhaa kwa sekunde moja.

Hapo chanzo ni kimoja tu: kamshafti mojawapo (shafti inayofungua valvu) haiko mahali pake. Rudi kwenye alama, na usiamini alama za rangi zilizowekwa na fundi wa sevisi iliyopita, kwa kuwa zinaonyesha tu mahali mkanda wake ulipokuwa. Tumia alama za kiwandani, na ikiwezekana thibitisha kwa duara la nyuzi kwenye kranki pamoja na geji ya saa juu ya valvu. Tofauti inayoonekana ndogo kwa macho si ndogo kwa injini. Kwa mfano, puli ya kamshafti ikiwa na meno 40, jino 1 ni nyuzi 9 za kamshafti, na kwa kuwa kamshafti huzunguka mara 1 kila kranki inapozunguka mara 2, kosa hilo ni nyuzi 18 za kranki.

Stata inazungusha, injini haiwaki

Anza na harufu. Ukipiga stata kwa sekunde kadhaa na kwenye sailensa hakuna hata dalili ya petroli, mafuta hayafiki, na unapaswa kutazama rilei na fyuzi za pampu, kisha viunganishi vya pampu zenyewe. Petroli ikinuka wazi na injini isiwake, umeme wa plagi haupo, au haupo kwa wakati wake. Sensa ya kranki ndiyo ya kwanza kushukiwa, kwa kuwa bila ishara yake kompyuta haijui kama injini inazunguka, na kiunganishi chake kiko mahali ambapo fundi hukirudisha kwa kupapasa. Kama stata yenyewe inazungusha kwa uzito na taa za dashibodi zinafifia, tazama waya mkubwa wa athi kati ya injini na bodi. Waya huo hufunguliwa ili injini ishuke, na wakati wa kurudisha ni rahisi kuufunga juu ya rangi au kutu, mahali ambapo bolti imekaza vizuri lakini umeme haupiti.

Betri iliyokaa imechomolewa kwa majuma pia huacha mfumo wa kuzuia wizi ukiwa umejifunga. Hili huonekana mara moja kwa taa yake kwenye dashibodi, na dawa yake imo kwenye kitabu cha gari.

Kabla ya jaribio lolote la kuwasha, fungulia pampu za petroli injini ikiwa imezimwa, ukague kila kiungo kwa tochi na kwa kidole kikavu, mtungi wa kuzimia moto ukiwa karibu. Hozi ya petroli iliyozeeka huvumilia mradi haijaguswa, kisha huachia siku inapokunjwa ili injini itoke. Sijali gari limechelewa kiasi gani kurudi kwa mwenyewe. Hatua hii hairukwi.

Inawaka, lakini haina nguvu

Hii ndiyo dalili inayoletwa mara nyingi kuliko nyingine, na inasomeka vizuri kwa anayeijua injini yenyewe. V8 ya Ferrari, yaani injini ya silinda 8 zilizopangwa safu mbili za 4, ina kranki bapa, ambapo safu mbili za silinda hupokezana kuwaka, na kila safu peke yake huwaka kwa nafasi sawa, kila nyuzi 180 za kranki, sawasawa na injini ya kawaida ya silinda 4. Maana yake ni kwamba safu nzima ikizimika, injini haitikisiki kama ulivyotarajia. Hunguruma kwa utulivu wa kushangaza, kwa sauti nyembamba ya gari dogo, na ukikanyaga mafuta hupanda kwa uvivu. Silinda moja tu ikikosa moto, mtetemo ni mkubwa zaidi kuliko safu nzima ikikosa. Kwa hiyo sikiliza kwanza: utulivu usio na nguvu unaelekeza kwenye kitu kinachohudumia safu nzima, na mtetemo wenye mapigo ya kurukaruka unaelekeza kwenye plagi, koili au injekta moja.

F355 za mwanzo hutumia mfumo wa Motronic 2.7 wa kuongoza mafuta na moto wa injini, ambao una kompyuta 2 na sensa 2 za kupima hewa, kila safu na yake. Kuanzia 1996 ulikuja Motronic 5.2 wenye kompyuta 1 na sensa 1 ya hewa. Tofauti hii ndiyo inayoamua njia ya kupima. Kwenye 2.7 una zana ya uchunguzi ndani ya gari lenyewe: hamisha sensa ya hewa ya kulia uipeleke kushoto na ya kushoto uilete kulia. Kasoro ikihama pamoja na sensa, sensa ni mbovu. Ikibaki palepale, sensa ni nzima, na hatua inayofuata ni kuhamisha kompyuta kwa namna hiyohiyo. Ikiwa bado haijahama, kilichobaki ni nyaya, viunganishi, na mambo ya injini yenyewe. Kwenye 5.2 njia hii haipo kwa sensa ya hewa, na kasoro ya sensa hiyo hugusa safu zote mbili kwa pamoja. Upande mmoja ukiwa umekufa, usipoteze muda nayo.

Niliwahi kupokea gari la 2.7 lililokuwa limetoka kwenye sevisi kubwa mahali pengine, likiwa limekwisha kubadilishiwa koili na plagi za safu ya kushoto bila nafuu. Nilihamisha sensa za hewa, kasoro haikuhama. Nikahamisha kompyuta, haikuhama. Nilipokifungua kiunganishi cha sensa ya hewa ya kushoto, kilitoka kwa mlio wake wa kawaida, klipu ikiwa nzima, na kwa nje kilikuwa safi kabisa. Nilipoelekeza tochi ndani ya soketi, niliona matundu yote yana chuma kinachong'aa sawa kwenye mdomo, isipokuwa moja ambalo chuma chake kilikuwa kimerudi nyuma karibu milimita 3. Kiunganishi kilikuwa kimesukumwa kikiwa kimekaa mshazari, pini ikaisukuma terminali nyuma badala ya kuingia ndani yake, halafu klipu ikajifunga kama kawaida. Niliivuta mbele kwa ndoano nyembamba mpaka ikashika, nikarudisha kiunganishi, na silinda zote 8 zikafanya kazi. Tangu hapo sikubali mlio wa klipu kuwa ushahidi. Natazama ndani ya soketi, kisha navuta kila waya kidogo kwa kidole.

Ikiwa umeme na mafuta ni salama, hewa inayoingia kwa njia ya pembeni inafuata. Dalili yake ni mzunguko wa chini usiotulia, yaani injini ikinguruma bila kukanyagiwa mafuta hupanda na kushuka, wakati kwenye mizunguko ya juu kasoro karibu itoweke. Chanzo ni gasketi ya manifoldi ya hewa, hozi ndogo iliyosahauliwa, au klipu isiyokaza. Usiichanganye na hali ya kawaida ya gari ambalo betri yake ilichomolewa: kwenye magari ya 5.2 kompyuta hupoteza marekebisho iliyojifunza na huhitaji muda wa kunguruma na kutembea kabla mzunguko haujatulia. Hali hiyo hupungua kila safari, ilhali hewa ya pembeni haipungui.

Mwisho katika sehemu hii ni taimingi iliyopishana kiasi cha kutogusanisha pistoni na valvu. Injini huwaka, hunguruma, na huwa nzito. Pima kompresheni ya silinda zote 8 na uzitazame kwa safu. Silinda 4 za safu moja zikiwa chini kwa kiwango kinachofanana, na 4 za safu nyingine zikiwa sawa, kamshafti ya safu hiyo haiko mahali pake. Silinda moja ikiwa chini peke yake, taimingi haihusiki, na utafute valvu au ringi. Sijaona kipimo kingine kinachotenganisha mambo hayo mawili kwa haraka namna hii, na nashangaa ni mara ngapi kinaachwa hadi mwisho.

Taa ya joto la katalisti

F355 ina taa mbili zinazomtaka dereva apunguze mwendo, moja kwa silinda 1 hadi 4 na nyingine kwa silinda 5 hadi 8. Taa ikiwaka baada ya sevisi, kuna maelezo mawili yanayotofautiana sana kwa uzito. La kwanza ni kwamba safu hiyo inakosa moto, petroli isiyoungua inafika kwenye katalisti (kisafisha moshi kilicho kwenye bomba la moshi) na kuwaka humo, na katalisti inapata joto la kutosha kuunguza vitu vilivyo jirani. La pili ni kwamba kijisanduku kinachosoma joto hilo kimekufa, jambo ambalo ni la kawaida sana kwenye magari haya. Mpaka uthibitishe la pili, chukulia kuwa ni la kwanza: punguza mwendo, simama, zima. Uthibitisho ni kupima joto la katalisti zote mbili kwa kipimajoto cha mwanga, kisha kubadilishana vijisanduku vya pande mbili. Joto likiwa sawa pande zote na taa ikahama pamoja na kijisanduku, umepata jibu.

Gari linachemsha

Injini ikishachemsha mara moja baada ya sevisi, hewa iliyonaswa ndiyo mshukiwa wa kwanza, wa pili na wa tatu. Mabomba ya maji ya gari lenye injini katikati ni marefu na yana sehemu zinazoinuka, na hewa hujikusanya hapo na kuzuia maji kupita. Utaijua kwa dalili tatu zinazokwenda pamoja: geji hupanda ghafla na kushuka ghafla, tangi la maji hulia kwa mabubujiko, na hita hutoa hewa baridi wakati injini ni ya moto. Jaza taratibu, hita ikiwa imefunguliwa hadi mwisho, ukifungua skrubu za kutolea hewa mpaka maji yatoke bila povu, na urudie kazi hiyo baada ya injini kupoa kabisa. Kamwe usifungue mfuniko wa tangi injini ikiwa moto.

Joto likipanda polepole na kwa uthabiti kwenye foleni tu, huku barabara kuu likiwa sawa, tazama feni na swichi zake za joto, ambazo viunganishi vyake huachwa wazi mara nyingi. Likipanda kwenye mwendo wowote, themostati imefungwa vibaya au haifunguki. Rejeta za F355 ziko ubavuni, nyuma ya milango, na kila moja ishikwe kwa uangalifu: moja ikibaki baridi wakati nyingine inaunguza, maji hayapiti humo. Matone ya maji chini ya pampu mpya, yakitoka kwenye kitundu chake kidogo, ni sili ya pampu. Kuyasubiri yaishe yenyewe ni kuyaruhusu yafike kwenye mkanda.

Oili na moshi

Injini hii hutunza oili yake kwenye tangi la pembeni, haikai yote chini ya kranki. Kiwango chake husomwa injini ikiwa imepata moto na inanguruma. Anayekisoma injini ikiwa baridi na imezimwa huona oili pungufu, huongeza, na kesho yake moshi wa bluu unatoka kwa sababu oili ya ziada imesukumwa kupitia bomba la kupumulia hadi kwenye njia ya hewa. Kabla ya kuzilaumu ringi, pima upya kwa utaratibu sahihi na upunguze iliyozidi. Geji ya oili ikichelewa kupanda kwenye uwashaji wa kwanza, zima mara moja. Mabomba yaliyomwagwa hayajajaa. Njia iliyo salama ni kuzungusha kwa stata petroli na moto vikiwa vimekatwa mpaka geji isogee, ndipo uwashe.

Sauti

Mlio mwembamba unaopanda pamoja na mizunguko ni mkanda uliokazwa kupita kiasi, au beringi ya kikazio, ambayo ilipaswa kubadilishwa pamoja na mkanda. Mkanda uliolegea hupiga kifuniko chake, hasa unapoachia mafuta ghafla, na gari la namna hiyo lisiendeshwe. Tapeti (visukuma valvu) zinazogonga kwa dakika chache za kwanza zinajaa oili. Zikiendelea baada ya injini kupata moto, rudi kwenye shinikizo la oili.

Mlio wa tik-tik unaosikika injini ikiwa baridi na kufifia ikipata moto si wa mikanda. Ni manifoldi ya moshi iliyopasuka, ugonjwa unaojulikana sana wa F355, na ufa hujificha chini ya vifuniko vya joto. Hii ni mojawapo ya zile kasoro zilizokuwemo. Nyingine ni kulika kwa bushi zinazoongoza mashina ya valvu kwenye magari ya mwanzo, ambako huonekana kwa oili kupungua na moshi wa bluu asubuhi. Vyote viwili vingeweza kuonekana injini ilipokuwa mezani, kwa kufungua vifuniko na kupima upotevu wa kompresheni kwa hewa, na ndiyo maana nasisitiza kipimo hicho kifanywe kabla injini haijarudi kwenye gari. Kukigundua baadaye ni kuishusha mara ya pili.

Klachi na gia

Pedeli ya klachi ikiwa laini au ikibaki chini, kuna hewa kwenye bomba lake. Gia zikikataa kuingia wakati klachi inakata vizuri, tazama viungo vya kuchagulia gia, ambavyo hufunguliwa kila injini inaposhuka. Magari yenye vibao vya gia nyuma ya usukani, yaliyoanza 1997, hutaka mfumo wao wa hydroliki utolewe hewa na urekebishwe kwa kompyuta ya uchunguzi.

Baada ya safari za kwanza

Mambo mawili hujitokeza kwa kuchelewa. La kwanza ni mtetemo unaokuja bodini siku chache baadaye, kwa sababu mikono ya mpira inayoshika injini ilikazwa kabla uzito wake haujatulia: legeza, acha injini ikae, kaza tena kwa kipimo cha kitabu. La pili ni harufu ya oili inayoungua bila tone chini. Hiyo mara nyingi ni sili ya kamshafti iliyokaa mshazari, na oili yake hukimbilia ndani ya kifuniko cha mkanda kabla haijaonekana popote. Chukua kioo kidogo na tochi, tazama ukingo wa chini wa kifuniko, na upitishe karatasi nyeupe. Karatasi ikirudi na doa, mkanda huo, hata kama una juma moja, unatoka pamoja na sili.